Nabii anakula kwa nani? Stori ya barabara ya Turbo

Ukitaka kufika Sugoi kutoka Eldoret unapanda matatu ya Turbo, unashuka njiani, halafu unamalizia na boda. Jumapili moja ya Agosti nilifanya hivyo. Mahindi yalikuwa yamenipita kimo na hewa ilinuka mvua ya jana. Jamaa wa boda akaniuliza kama naenda kwa Rais. Nikamwambia naenda kwa mama. Akacheka, akanipunguzia shilingi 20.

Sugoi kila Mkenya anaijua. Ndiyo nyumbani kwa William Ruto, kijana aliyeuza kuku kando ya barabara akaishia Ikulu. Stori hiyo tumelishwa mpaka tukashiba. Chopa zikitua, watoto hukimbia kuziangalia, na wiki ambayo mkubwa yuko nyumbani hata bei ya nyama ya mbuzi hubadilika. Sitaki kuongea kuhusu kuku leo. Kwenye barabara hiyohiyo kuna stori nyingine ambayo wenzangu wengi hawajawahi kuisikia, na nimeitafuta kwa sababu zangu binafsi.

Sababu yenyewe ni hii. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mama aliuza mahindi, akapata karo yangu ya muhula, shilingi 18,000. Kabla hajanitumia alipita kwa nabii mmoja mjini, jina lake nitalificha, akaambiwa apande mbegu ya imani. Siku 21, karo yote ya miaka iliyobaki ingefunguka. Mama akapanda. Siku 21 zikaisha, muhula ukaanza bila mimi, nikaahirisha masomo, nikaahirisha tena, mwishowe nikaacha kujidanganya. Sasa naandika blogu na kutengeneza mabango ya arusi za watu.

Sitasema uongo kwamba nabii peke yake ndiye aliyenitoa darasani. Nilikuwa nimefeli masomo mawili pia. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma vitabu vya manabii kwenye Biblia kama mtu anayetafuta risiti yake iliyopotea. Nilitaka kujua: nabii wa kweli unamtambuaje? Kwa sababu yule wa mjini alikuwa na kila kitu. Maikrofoni nzuri, umati, ushuhuda, walinzi, na simu ya kupokea pesa.

Nilidhani nitakuta kipimo cha miujiza. Kwamba huyu aliponya na yule hakuponya, basi tumchague wa kwanza. Kumbe Kumbukumbu la Torati inakuonya mapema, sura ya 13, kwamba mtu anaweza kutoa ishara na ishara ikatimia kabisa, na bado usimfuate kama anakupeleka mbali na Mungu. Sura ya 18 inaongeza kwamba neno lisipotimia, huyo alijisemea mwenyewe, usimwogope. Hapo nikafikiria siku zangu 21, nikaguna.

Wenye ukali zaidi ni Ezekieli na Mika. Fungua Ezekieli 34. Ni kama kesi kortini, na washtakiwa ni wachungaji wa Israeli. Mashtaka yenyewe hayahusu mafundisho ya ajabu ajabu. Yanahusu msosi. Wanakula mafuta, wanavaa sufu, wanachinja walionona, na kondoo aliyevunjika mguu hajafungwa bandeji, mgonjwa hajatibiwa, aliyepotea hakuna aliyetoka kumtafuta. Mika naye, sura ya 3, anasema kuna manabii ambao ukiwapa kitu cha kutafuna watakutangazia amani, na usipowapa wanakutangazia vita. Soma tena polepole. Utabiri wenyewe unafuata sahani.

Kwa hiyo swali langu likabadilika. Badala ya kuuliza huyu anaona nini, nikaanza kuuliza huyu anakula kwa nani.

Na ukiwa na swali hilo, stori ya barabara ya Turbo inaanza kuongea.

Kabla ya kufika huko, nipitie kwa Amosi kidogo, maana ndiye nabii wangu. Amosi hakuwa na cheti. Alikuwa mtu wa mifugo na mikuyu kutoka Tekoa, kusini, akavuka mpaka kwenda ufalme wa kaskazini kusema kwamba matajiri wanamuuza maskini kwa bei ya viatu. Alisema hayo Betheli, kwenye madhabahu kubwa ya serikali. Kuhani wa pale, Amazia, akafanya mambo mawili. Kwanza alimtumia Mfalme Yeroboamu taarifa kwamba huyu jamaa anapanga njama. Kisha akamwita Amosi, akamwambia arudi kwao akatafute mkate wake huko, asitabiri tena Betheli kwa kuwa hapo ni mahali pa mfalme.

Angalia vizuri. Amazia hamwambii Amosi kwamba anasema uongo. Anamwambia hapa si mahali pake. Na anadhani Amosi anahubiri ili ale, kwa sababu yeye mwenyewe ndivyo anavyoishi. Amosi anamjibu kwamba yeye si nabii wala mwana wa nabii, alikuwa nyuma ya kondoo zake akatumwa. Yaani kazi anayo, hii si ajira.

Sasa turudi barabarani. Mwaka 1983 Kanisa la Anglikana lilifungua dayosisi ya Eldoret, na askofu wa kwanza akawa Alexander Kipsang Muge. Kabla ya kuvaa joho, Muge alikuwa askari wa GSU. Ndiyo, GSU hiyohiyo unayoijua kwa rungu na vitoa machozi. Alikuwa Mnandi, Mkalenjin kama Rais Daniel arap Moi, na hilo ndilo lililowasumbua wakubwa. Akiongea mtu wa Nyanza au wa Mlima Kenya ilikuwa rahisi kusema ni ukabila, ni wivu. Muge alikuwa mtoto wa nyumbani. Alipaswa kukaa mezani.

Hakukaa. Serikali ilipoleta kura ya mlolongo, ile ya watu kupanga foleni nyuma ya mgombea badala ya kupiga kura ya siri, Muge alikuwa miongoni mwa makasisi walioipinga waziwazi. Kura za mchujo za uchaguzi wa 1988 zilifanywa hivyohivyo, na katika sehemu kadhaa foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Alisema watu wanakufa njaa Pokot Magharibi wakati wakubwa wanasema hali ni shwari. Alisema kuhusu unyakuzi wa ardhi na ufisadi. Baada ya waziri wa mambo ya nje Robert Ouko kuuawa Februari 1990, hakunyamaza kuhusu hilo pia. Hakuwa malaika, na hakukubaliana kila mara hata na makasisi wenzake waliokuwa wakipigania mageuzi. Nalisema hili kwa sababu sisi vijana tukimpata shujaa tunampaka dhahabu mpaka hapumui.

Agosti 1990. Kumbuka ni mwezi mmoja tu baada ya Saba Saba ya kwanza. Waziri wa Leba, Peter Okondo, akawaonya hadharani Muge na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wasikanyage Busia. Wakienda wataona moto na huenda wasitoke wakiwa hai. Hakuficha, alisema mbele ya watu, na magazeti yakaandika.

Ni Amazia mtupu. Usije kusema hapa, hapa kuna mwenyewe.

Muge akaenda. Tarehe 14 Agosti, siku ya Jumanne, alifika Busia, akakutana na waumini, akapokelewa vizuri, moto haukuonekana. Jioni wakawa wanarudi Eldoret. Walipofika Kipkaren, gari lake likagongana na lori la maziwa. Askofu akafa.

Kipkaren ni hapo tu, upande wa pili wa Turbo ukitoka Sugoi. Ukipanda gari la kwenda Webuye unapita. Okondo alijiuzulu siku chache baadaye. Dereva wa lori alishtakiwa na kufungwa miaka 7, akafia gerezani. Wapo wanaosema ilikuwa ajali na wapo wasiokubali mpaka leo. Mimi siwezi kukuambia nani alikuwa ameshika usukani wa stori hiyo. Ninachojua ni kwamba mtu aliambiwa akienda atakufa, na alikuwa na sababu zote za kubaki nyumbani akanywa mursik, na akaenda.

Kuna mzee mmoja jirani ya mama, mzee wa kanisa. Nilimkuta akirekebisha uzio baada ya ibada, nikamsalimia, "Chamgei, mzee," nikamuuliza kama anamkumbuka Muge. Aliweka nyundo chini. Akasema walisikia habari redioni, na siku ile hakuna aliyekama ng'ombe kwa wakati. Kisha akachukua nyundo. Nilingoja aendelee lakini hakuendelea.

Labda unasema hayo ni mambo ya Moi, sisi tulikuwa hatujazaliwa. Sawa. Basi twende kwa Ahabu, halafu turudi kwa kina sisi.

Wafalme wa Kwanza, sura ya 22. Ahabu anataka kwenda vitani kuiteka Ramoth-Gileadi. Anaita manabii wake, karibu 400. Wote wanasema nenda, utashinda. Mmoja, Sedekia, amejitengenezea hadi pembe za chuma za kuonyeshea jinsi adui atakavyosukumwa. Siku hizi ungeiona TikTok ndani ya dakika mbili. Yehoshafati, mfalme mgeni kutoka Yuda, anashtuka. Watu 400 na hakuna hata mmoja mwenye wasiwasi? Anauliza kama hakuna nabii mwingine. Ahabu anasema yupo mmoja, Mikaya mwana wa Imla, lakini namchukia, huwa hanitabirii mazuri.

Mjumbe anayetumwa kumleta anampa ushauri njiani, ushauri wa rafiki kabisa: wenzako wote wamesema vizuri, na wewe sema hivyohivyo. Ukitafuta sentensi inayoharibu viongozi wa dini Kenya, ni hiyo. Hakuna bastola, hakuna vitisho. Ni jamaa mzuri tu anakuambia usiharibu shughuli. Mikaya akasema alichoambiwa, kwamba ameona Israeli wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Alizabwa kofi na Sedekia, akapelekwa jela kula mkate kidogo na maji kidogo. Ahabu akaenda vitani amejibadilisha mavazi, mshale uliopigwa bila kulengwa ukampata, akafa jioni.

Wale 400 walikuwa wanakula wapi? Sura ya 18 ya kitabu hichohicho inasema wazi kwamba kulikuwa na manabii waliokula mezani pa Malkia Yezebeli. Sijui kama ni walewale. Lakini menyu inafanana.

Sasa kina sisi. Novemba 17, 2024, Rais Ruto alihudhuria ibada katika Kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2 za kujenga nyumba ya mapadri na 600,000 za kwaya na baraza la wamishenari la parokia, akaahidi milioni 3 nyingine na basi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba pesa zote zirudishwe na ahadi zikataliwe. Siku chache kabla, maaskofu wenzake walikuwa wametoa taarifa kali kuhusu utekaji nyara, ushuru na uongo wa viongozi. Ukishamwambia mtu hivyo Alhamisi, utapokeaje basi lake Jumapili?

Machi 2, 2025, Rais akaenda kanisa la Jesus Winner Ministry, Roysambu, akaahidi milioni 20 za ujenzi. Jumapili iliyofuata vijana wakajaribu kuingia pale kuandamana, polisi wakarusha vitoa machozi. Kanisa likafanya ibada huku nje kukiwa na moshi. Wakati Gen Z wanaandamana kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, hasira ilikuwa imeshafika kanisani. Watu walikuwa wamechoka kuona waliowapandishia ushuru wakipewa maikrofoni juu ya madhabahu. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana alikuwa ameshawazuia wanasiasa kuongea kwenye mimbari zake, na wakati ule wengi tulidhani ni drama.

Lazima niwe mwaminifu hapa. Ruto anasema anatoa kwa imani, na alipoulizwa Julai 2025 kuhusu kanisa analojenga Ikulu, lililoripotiwa kugharimu shilingi bilioni 1.2, alijibu kwamba anatumia pesa zake na hataomba msamaha kwa kujenga nyumba ya Mungu. Na kanisa la mama ni la mabati yanayovuja. Mvua ikinyesha, mhubiri anaongea kwa ishara. Nikimwambia mzee wa kanisa akatae mabati mapya kwa sababu ya Mika sura ya 3, ataniuliza nimechangia shilingi ngapi. Nimechangia 50.

Hapo ndipo swali la nani anakula kwa nani linakuwa gumu. Ni rahisi kukasirikia askofu wa Nairobi mwenye magari matatu. Kanisa la kijijini likipata mabati, nani anapoteza? Nimefikiria sana. Anayepoteza ni yule ambaye mwaka ujao mbolea itakuwa feki au kijana wake atatekwa, na mhubiri akisimama kuongea ataangalia juu, ataona paa, na ataomba tu amani.

Eldoret tumeshalipa bei hiyo. Januari 1, 2008, makumi ya watu, wengi wakiwa wanawake na watoto, waliteketea ndani ya kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, walikokimbilia. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima katika ghasia zile. Februari mwaka huo baraza la makanisa, NCCK, lilitoka hadharani likakiri kwamba viongozi wa makanisa walichukua upande kwenye kampeni, na kwa sababu hiyo hawakuweza kusimama katikati watu walipoanza kuchinjana. Ezekieli 33 ana picha ya mlinzi, kama soja wa geti, ambaye akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu itadaiwa mikononi mwake. Angalau hawa walikiri. Wanasiasa bado tunawangoja.

Lakini katika wiki hizohizo, Askofu Cornelius Korir wa Kanisa Katoliki alifungua uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret, wakaingia watu wapatao 10,000. Korir alikuwa Mkalenjin. Waliokuwa wakimkimbilia, wengi walikuwa Wakikuyu. Hakutoa unabii wowote nnaoujua. Alitafuta maji, chakula, blanketi na vyoo, halafu akaanza kazi ndefu ya kukalisha wazee wa jamii mbili chini ya mti mmoja, mikutano midogo midogo isiyo na kamera, Burnt Forest na kwingineko. Alifariki Oktoba 2017. Ukirudi kwenye mashtaka ya Ezekieli 34, waliovunjika wamefungwa, waliopotea wametafutwa, utaona kwamba Korir alijibu moja moja.

Na upande mwingine kabisa wa nchi, Shakahola, Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wamwone Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa na alikanusha mashtaka. Mimi huwa nabaki na jambo moja tu kwenye habari ile: kondoo ndio walioambiwa wasile.

Tulikula ugali na sukuma jioni ile, mama akanipakulia maziwa. Nikamsimulia yote, Amosi, Muge, lori la maziwa. Mama anamkumbuka Muge kidogo, alikuwa msichana. Bado huenda kwa yule nabii wa mjini mara moja kwa mwezi. Hatujawahi kugombana kuhusu zile 18,000, na sidhani tutagombana, kwa sababu najua alichokuwa akikitafuta pale kilikuwa ni mimi.

"Huyo askofu alikuwa anaombea watu wakipona?" akaniuliza.

Nikamwambia sina uhakika.

"Na sadaka, alikuwa anachukua?"

"Ya kanisa, nadhani. Kama kawaida."

Akanyamaza, akakusanya sahani. Nilipokuwa nafunga mkoba kesho yake asubuhi akaniambia nikipita Kipkaren nipige picha mahali palipotokea ile ajali, nimtumie kwa WhatsApp. Nikamwambia mimi narudi Eldoret, Kipkaren ni upande ule mwingine.

"Si mbali," akasema, akanipa nauli.